Raita Iliyoanguka Haifi, Hudanganya

Mwisho wa mwezi Eastlands ni msimu wa kuhama. Mkokoteni unatoka Pipeline kwenda Umoja, pikapu inatoka Kayole kuelekea Donholm, na juu ya godoro, katikati ya masufuria na viti vya plastiki, imelazwa kompyuta iliyofungwa blanketi. Ikifika inawashwa, Windows inafunguka, picha zote zipo, kila mtu anashusha pumzi. Ile raita ya DVD iliyo mbele ya kasha haiulizwi lolote. Itaulizwa wiki kadhaa baadaye, mama ya bwana harusi atakapopiga simu kusema video inaganda pale pale watu wanapovishana pete.

Diski kuu ya kompyuta ikigongwa vibaya mara nyingi hutoa kelele, au kompyuta hukataa kuwaka, ukajua una msiba. Raita haina tabia hiyo. Hupokea kishindo ikanyamaza, ikaendelea kufungua na kufunga trei kwa adabu, na mwisho wa kazi ikakuandikia kwamba imefaulu. Ujumbe huo maana yake ni finyu mno: data yote imetumwa na leza imefika mwisho bila kukwama. Haujakuambia kama kilichochomwa kitasomeka kwenye mashine ya mtu mwingine. Vilevile ukifungua Device Manager ukakuta imeandikwa kwamba kifaa kinafanya kazi sawasawa, umeambiwa tu kwamba kifaa kimeitika kilipoitwa. Diski kuu huweka ndani kumbukumbu ya afya yake, ile iitwayo SMART. Raita haina kitu kama hicho. Kwa hivyo ushahidi utautafuta mwenyewe, na hakimu hawezi kuwa raita ileile iliyochoma. Lazima awe mashine nyingine.

Kuna atakayeuliza nani bado anachoma DVD enzi hizi za flashi na simu. Apite Buruburu, Kariobangi au Dandora. Wapiga video za harusi, ruracio na mazishi bado wanakabidhi DVD yenye jalada lililochapishwa, kwa sababu wazee wanataka kitu cha kuweka kabatini. Makanisa yanauza mahubiri. Riverwood, ile biashara ya filamu za bei nafuu iliyokulia River Road, ilijengwa juu ya diski. Halafu kuna mahakama. Picha za kamera ya dukani zikihitajika katika kesi, pengine pale Makadara, mara nyingi hupelekwa zikiwa kwenye diski au flashi, pamoja na cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza rekodi ilitolewa vipi na kwa kifaa gani. Ukitia sahihi cheti hicho huku raita yako ni mgonjwa, umejitafutia maswali ya wakili. (Muvi za wizi siziweki kwenye hesabu hii, hizo zina Bodi ya Hakimiliki na polisi.)

Kwa nini kishindo kidogo kiwe na madhara makubwa? Lenzi ya raita haikufungwa kwa skrubu. Inaning'inia juu ya nyaya nyembamba sana, katikati ya koili na sumaku, ili iweze kupanda, kushuka na kwenda kando mara nyingi kwa sekunde ikifuata diski inayoyumba. Njia ya data kwenye DVD imezungushwa kwa msongamano wa mikromita 0.74 kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine. Kwenye CD ni mikromita 1.6. Unywele mmoja wa kichwani ungefunika mizunguko karibu 100 ya DVD. Sasa fikiria kasha limeangushwa kwenye ngazi za ghorofa ya 5 isiyo na lifti. Nyaya zile zikipinda kidogo, au reli ambayo kichwa cha leza hutelezea ikiinama kiasi ambacho jicho halioni, mwale unaanza kuipiga diski kwa mshazari. Karibu na tundu la katikati raita itavumilia. Kadiri inavyoelekea ukingo wa nje, ambako diski huyumba zaidi na kupita kwa kasi zaidi, uvumilivu unaisha. Ndiyo maana raita iliyoanguka huchoma vizuri dakika 40 za kwanza za harusi na kuharibu karamu.

Anza na historia, kabla hata ya kugusa waya wa stima. Muulize aliyeibeba nini hasa kilitokea, na uulize bila hasira, maana kijana wa mkokoteni akiona uso umekunjwa atakuambia hakuna kitu. Kuanguka kuna dalili zake. Trei iliyovutwa kwa nguvu wakati stima imepotea ina zake. Mtoto aliyetia sarafu ya bob 10 au kipande cha mkate ndani ya trei, hiyo ni hadithi nyingine. Na kuna dhuluma isiyojulikana na wengi: skrubu ndefu. Fundi aliyekosa skrubu za kawaida akafunga raita kwa zile ndefu za kasha la kompyuta anaweza kuwa amesukuma ncha hadi ndani, zikagusa bodi au kukandamiza fremu. Raita za kompyuta ya mezani hutumia skrubu fupi za M3, za milimita 5 hivi. Zitoe zilizopo, zipime, na ukiona ndefu, umepata mshukiwa wa kwanza.

Chomoa stima kabisa. Itoe raita kwenye kasha, uishike kwa mikono miwili, uiinamishe polepole kushoto na kulia karibu na sikio. Mtelezo laini wa kitu kimoja ndani si tatizo, huenda ni kichwa cha leza kikitembea kwenye reli. Mgongano wa kitu kigumu kilicholegea, kile cha chaka-chaka, ni kipande kilichovunjika au sarafu ya mtoto, na raita isiwashwe mpaka kitoke. Kisha itazame kwa usawa wa macho, kama seremala anavyokagua mbao. Kifuniko cha bati kimebonyea? Uso wa mbele umeachia pembe moja? Kona iliyobonyea nje ina maana kishindo kilifika ndani.

Sasa tafuta kile kitundu kidogo cha mbele. Nyoosha klipu ya karatasi, iingize ikiwa imenyooka kabisa, sukuma taratibu. Utahisi ukinzani kidogo wa gia, halafu trei itasogea nje kiasi cha ncha ya kidole. Imalizie kwa mkono. Katika raita ya mezani yenye afya trei hutoka ikiwa sawa, bila kukwaruza, na uzito wake ni uleule kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ikikaza upande mmoja, jino la gia limevunjika au reli ya trei imepinda. Ikitoka kwa ulaini wa kutia shaka kisha baadaye kwa stima ikafunguka nusu na kurudi, tatizo ni mshipi wa mpira uliolegea. Huo ni uzee, haukusababishwa na kuanguka, na ni ugonjwa wa bei rahisi.

Raita ya laptopu ni kiumbe tofauti. Lenzi yake iko juu ya trei yenyewe, wazi, na ndiyo maana huumia haraka. Mtu hukandamiza diski kwa kiganja badala ya kushika kitovu cha katikati, uzito wote ukaenda kwenye lenzi. Vuta trei, tazama kwa tochi ya simu kutoka upande. Utaona kitone cha kioo chenye rangi ya samawati au zambarau kimesimama ndani ya fremu ndogo nyeusi. Kinapaswa kuwa katikati na kulala bapa. Ukikigusa kwa pamba safi ya sikio, kwa uzito wa unyoya, kinashuka na kurudi juu chenyewe. Kikibaki chini, au kikisimama na upande mmoja umeinama, usipoteze muda na majaribio mengine. Raita hiyo imekwisha. Kagua pia vile vitufe 3 vya kitovu vinavyoshika diski, kila kimoja kirudi kikibonyezwa. Chini ya trei kuna waya bapa, mwembamba kama karatasi, unaokunjika kila trei inapotoka. Trei iliyovutwa kwa hasira huupasua waya huu, na dalili yake ni raita inayoonekana kwenye kompyuta leo na kupotea kesho.

Kabla hujaihukumu, isafishe. Mitaa yetu ina vumbi la barabarani, moshi wa jiko la makaa na masizi ya stovu ya mafuta taa, na vyote huishia juu ya lenzi vikiwa utando mwembamba. Raita yenye utando hufanya kama raita iliyoumia: inasoma CD kwa shida, inakataa DVD, inachoma vibaya. Tumia pamba ya sikio na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, tone moja tu, ufute kwa mviringo bila kukandamiza, uache ikauke. Spiriti ya kuwashia haifai, ina rangi na viungo vinavyobaki. Mate na pindo la shati visitajwe. Na tafadhali usiipeleke kwa jamaa wa pancha akupulizie na kompresa. Nimeona ikifanywa. Hewa ile ina presha ya kujaza tairi la lori na matone ya mafuta ndani yake; inang'oa lenzi au kuipaka grisi, na hapo umeongeza ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza.

Usifungue raita ya mezani ikiwa na stima ili uone inavyofanya kazi. Leza ya kusoma ni dhaifu, ya kuchoma ni kali, na ile ya CD ina urefu wa mawimbi wa nanomita 780 ambao jicho huuona kwa shida sana. Itakuunguza bila wewe kupepesa.

Maji ni kesi yake. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, nyumba nyingi za mabondeni kuanzia Mathare hadi Mukuru zilibaki na kompyuta zilizolowa. Raita iliyoingia maji ya mtaro haina tiba ya kuaminika, kwa sababu matope hukaukia ndani ya fani za mota na juu ya kioo. Iliyodondokewa na maji safi ya mvua kutoka kwenye bati lililotoboka inaweza kupona: betri na stima vitolewe, kifuniko kifunguliwe, ikae mahali penye hewa siku kadhaa. Isiwekwe juu ya jiko. Wanaoitia kwenye gunia la mchele wanaiongezea vumbi la mchele.

Sasa kuhusu stima, maana hapa ndipo raita nzima husingiziwa. Kompyuta iliyorushwarushwa inaweza kuwa imelegea kwenye plagi za SATA tu. Chomoa waya wa data na wa stima, urudishe mpaka usikie umekaa. Badilisha waya wa data na mwingine. Raita ya mezani hutumia volti 12 kwa mota na 5 kwa elektroniki. Pawasaplai nafuu iliyochoka hushusha volti wakati mota inaanza kuzunguka, na raita hujizima na kujiwasha. Ya nje ya USB ina taabu yake: tundu la USB 2.0 linaahidi miliampia 500 tu na la USB 3.0 miliampia 900, na kuchoma kunaweza kuhitaji zaidi ya hapo. Kama ilikuja na waya wa miguu miwili, chomeka yote miwili, na kwenye kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma. Hili likifanywa, robo ya raita "zilizokufa" mtaani zingefufuka bila fundi. Makadirio ni yangu, lakini siyaonei haya.

Washa bila diski ndani. Sikiliza. Raita ikiamka, kichwa cha leza husogea, lenzi hujaribu kupanda na kushuka kutafuta diski, halafu kimya. Mlio wa tik-tik-tik unaorudiwa bila kukoma una maana kichwa kinagonga mwisho wa reli kwa sababu hakijui kiko wapi. Ukisikia huo, zima.

Kisha weka diski usiyoijali, lakini uikague kwanza upande wa chini ukijua kila mkwaruzo uliopo. Iache izunguke dakika chache, itoe, uitazame tena kwenye mwanga. Ukiona mkwaruzo mpya wenye umbo la duara, lenzi au kipande cha plastiki kinaigusa diski. Mikwaruzo ya kawaida ya mezani huenda ovyo. Ule wa duara hutokea ndani ya mashine pekee. Jaribio hili halihitaji programu wala fundi, na sijui kwa nini watu hulipuuza. Liruke, na diski ya kwanza kuharibiwa itakuwa ya mteja.

Ikipita hapo, ifanye isome kabla ya kuiruhusu kuchoma. Tafuta diski za aina 4: CD ya kiwandani, DVD ya kiwandani, DVD-R ambayo raita hii hii iliichoma kabla ya ajali, na DVD-RW yoyote. Kila moja inauliza swali lake. CD na DVD hutumia leza mbili tofauti, ya nanomita 780 na ya 650, kwa hivyo raita inaweza kuwa nzima kwa moja na kipofu kwa nyingine. Diski za kufutika hurudisha mwanga kidogo sana, asilimia 18 hadi 30, ilhali DVD ya kawaida ya tabaka moja hurudisha asilimia 45 hadi 85. Leza iliyodhoofika au lenzi iliyopinda itakwama kwenye RW kwanza. Na ile diski ya kabla ya ajali ndiyo ya thamani kuliko zote, kwa kuwa unajua ilisomeka. Ikianza kusita leo, kilichobadilika ni mashine.

Usiridhike na kuona orodha ya faili. Orodha hukaa mwanzoni, karibu na tundu. Nakili diski nzima hadi kwenye kompyuta. Ukiwa na programu kama Nero DiscSpeed, chora grafu ya kusoma. Raita ya 16x huanzia kati ya 6x na 7x karibu na tundu, ikapanda bila kigugumizi hadi 16x ukingoni. Ya laptopu ya 8x huanza kwenye 3x na kidogo. Mstari unaopanda vizuri kisha ukaporomoka kama mteremko wa Kangemi katika theluthi ya mwisho, kwenye diski safi, ndio sahihi ya raita iliyoanguka. Kwenye Windows pita pia Event Viewer utafute hitilafu nambari 7 kutoka kwa cdrom: kila moja ni mahali ambapo diski haikusomeka, hata kama programu yako ilijikaza ikanyamaza.

Kuchoma sasa. Hapa mafundi wengi hukosea kwa njia ileile. Wanachukua DVD tupu, wanachoma nyimbo chache, wanacheza, zinaimba, wanakurudishia raita na kupokea pesa. Hebu tupige hesabu. Data kwenye DVD huanza milimita 24 kutoka katikati na kuishia milimita 58, yaani ukanda wa milimita 34. Ukichoma megabaiti 700 kwenye diski ya gigabaiti 4.7 umetumia milimita 7 au 8 za ndani tu. Umejaribu sehemu ambayo hata raita mgonjwa huiweza. Jaribio la kweli ni diski iliyojaa hadi pomoni, na kumbuka Windows itakuonyesha nafasi ya 4.38 pekee kwa sababu inahesabu kwa namna yake.

Tumia diski tupu unazozijua. Kwenye rundo la 50 lililonunuliwa mjini kwa bei ya kutupa, jina la nje linaweza kusema lolote. ImgBurn, ambayo ni ya bure, itakusomea msimbo wa mtengenezaji ulio ndani ya diski yenyewe: MCC 03RG20 ni ya Mitsubishi Chemical, CMC MAG. AM3 ni ya CMC Magnetics ya Taiwan. Andika msimbo huo. Ukipima raita kwa diski mbaya utaifukuza raita nzuri, au kinyume chake, na hutawahi kujua.

Choma ya kwanza kwa 4x, itachukua dakika 14 hivi. Ya pili kwa kasi unayotumia kila siku. Ya tatu ianze mara tu ya pili inapotoka, raita ikiwa bado moto, maana leza iliyochoka huficha uchovu ikiwa baridi. Raita ikikataa mwanzoni kabisa ikilalamikia urekebishaji wa nguvu, Power Calibration, imeshindwa kupata kipimo sahihi cha leza kwa diski hiyo. Jaribu diski ya msimbo mwingine. Ikikataa na hiyo, leza imekwisha.

Toa diski, igeuze, ishike kwa mshazari mbele ya dirisha. Rangi ya sehemu iliyochomwa inapaswa kuwa sawa kutoka ndani hadi nje. Mistari 1 au 2 myembamba ya duara ni mahali raita ilipobadilisha kasi au kujipima upya, si kasoro. Unachotafuta ni mabaka, au mkanda mpana wa nje wenye rangi iliyopauka. Mkanda huo ukiuona, umeshajua jibu kabla kompyuta haijasema.

Halafu mpe hakimu. Peleka diski kwenye mashine nyingine, na usichague iliyo bora zaidi. Chukua ile DVD pleya ya zamani ya jirani, ile inayochagua diski kama mtoto anayechagua chakula. Ruka moja kwa moja hadi dakika 10 za mwisho, kisha katikati, kisha mwanzo. Kwa data, tumia kompyuta ya pili: kwenye Windows andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, kwenye Linux ni sha256sum. Linganisha hashi itakayotoka, ule mfuatano wa herufi na tarakimu, na ile ya faili ya awali. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, raita imeshindwa.

Zikilingana bado usipige vigelegele. DVD ina mfumo wa kusahihisha makosa, na hashi sawa inakuambia tu kwamba makosa yote yamesahihishika leo. Haikuambii yalikuwa mangapi. Ukipata raita inayoweza kuripoti makosa hayo, LiteOn nyingi zinaweza, pima diski yako humo. Viwango vinaruhusu makosa ya PI, yale ya hatua ya kwanza ya usahihishaji, hadi 280 kwa jumla ya bloku 8 zinazofuatana, na PIF, yaani yaliyoishinda hatua hiyo, yasiyozidi 4 kwa bloku moja. Diski iliyochomwa vizuri hukaa chini sana ya hapo. Iliyo karibu na mpaka itacheza wiki hii, na itakataa ikishapata alama za vidole vya wajukuu.

Matokeo yana lugha yake. Uharibifu wa ukingoni tu, kwenye kila aina ya diski, ni kupinda: reli, lenzi au fremu. DVD mbaya na CD nzuri ni leza ya 650. Diski ya kwanza nzuri na ya tatu mbovu ni joto. Kukatika katikati ovyo, kila mara mahali tofauti, ni waya au pawasaplai, rudi kwenye ukaguzi wa stima. Vipi ile inayochoma vizuri kwa 4x lakini si kwa 8x? Wapo wanaoishi nayo miaka. Mimi ningeiachia kazi ya kusoma na kuchomea vitu vyangu, isiguse cha mteja.

Kwa fundi, lipia usafishaji na mshipi wa mpira, basi. Akikuambia ataongeza nguvu ya leza kwa kuzungusha kiskrubu kidogo kando ya lenzi, mwambie asante bosi na uondoke na mashine yako. Leza itawaka vizuri kwa muda mfupi kisha itakufa, na ulinganifu wake hupangwa kiwandani kwa vyombo asivyokuwa navyo. Ukinunua nyingine, hata ile iliyong'olewa kwenye kompyuta za ex-UK, nenda na klipu yako, diski yako iliyojaa na muda wa kukaa dukani. Muuzaji akikunyima dakika 14, duka la pili haliko mbali. Ile iliyokufa isiishie kwenye jalala la Dandora pamoja na takataka za jikoni. WEEE Centre hupokea taka za kielektroniki.

Imebaki kazi moja, na ndiyo inayochosha. Raita ikishindwa mtihani, diski zote ilizochoma tangu siku ya kuhama ni za kutiliwa shaka, hata zile ambazo hakuna aliyelalamika. Fungua daftari la kazi, panga tarehe, na usifute faili za awali kwenye kompyuta hata moja mpaka umalize. Za mahakamani zirudiwe kwanza, kwa raita nyingine na cheti kipya chenye maelezo ya kifaa hicho. Zifuate za harusi na mazishi, ambazo hazirudiwi kupigwa. Wapigie wateja kabla hawajakupigia, na uende na diski mpya mkononi.